Kiu Yako Si Pumzi Yake

Mjukuu wangu, keti kidogo. Najua simu inakuita na foleni ya barabarani inakungoja, lakini habari ya tangi lako la samaki siwezi kuiacha ipite. Nimeiona ikianza hivihivi katika nyumba nyingi, na ninajua inakoishia.

Wewe na wenzako mmejenga. Mmechimba visima virefu, mmepandisha matangi ya plastiki juu ya minara, na kwa kuwa maji ya visima vingi vya pwani yetu ni magumu, na mengine yana chumvi kabisa, mmefunga mashine ya kulainisha maji nyuma ya nyumba na nyingine ya kuchuja maji ya kunywa chini ya sinki. Hongereni. Sabuni inatoa povu, birika halishiki ukoko mweupe, bomba la bafuni halizibi. Sisi tulifulia maji magumu na kusugua mpaka vidole vikachubuka, na sioni fahari yoyote katika hilo.

Kisha mkaleta sebuleni tangi la kioo. Mkanunua samaki, wengi wao wa Ziwa Tanganyika, wale wenye milia na rangi za kupendeza, mkawajazia maji yaleyale ya gharama mnayojipa wenyewe. Mmefanya kwa mapenzi. Lakini samaki waliokufa kwa kupendwa, mwanangu, ni wengi kuliko waliokufa kwa njaa.

Kiu ya mtu si pumzi ya samaki. Msemo huo ni wangu mimi babu yako, hutausikia kwingine, na nakuomba uushike kabla hujafungua tena lile bomba.

Wewe unakunywa bilauri moja, unaiweka mezani, unaenda zako. Kilichopungua katika maji utakipata kwenye mchicha na dagaa. Samaki hana pa kwenda. Maji yanapita kwenye matamvua yake usiku na mchana. Damu yake ina chumvi kuliko maji yaliyomzunguka, kwa hiyo maji yanampenya muda wote, naye anayatoa kwa kukojoa bila kupumzika, huku matamvua yakihangaika kuzirudisha chumvi zinazomtoka. Kalsiamu iliyomo majini ndiyo inayoikaza ngozi nyembamba ya matamvua ili chumvi za mwili zisivuje ovyo. Ukiiondoa, zinavuja. Nguvu ambayo angekulia na kuzalia inaishia katika kuzifukuzia chumvi zake mwenyewe. Hafi siku hiyo. Anapauka, anakunja mapezi, anajibanza pembeni, ugonjwa mdogo ukipita unamchukua yeye kwanza.

Nawe utasema alikuwa mgonjwa tangu dukani.

Sasa sikiliza mashine ya nyuma ya nyumba inafanya nini, kwa sababu wengi wanaoimiliki hawajui. Wanadhani inaondoa. Haiondoi, inabadilisha. Ndani ya lile pipa refu mna punje ndogo za resini zilizobeba sodiamu. Maji magumu yakipita, kalsiamu na magnesiamu zinanaswa kwenye punje, na sodiamu inaingia majini kushika nafasi. Ifikirie daladala: akishuka abiria mmoja wa kalsiamu, wanapanda wawili wa sodiamu, na gari halikupungua uzito. Ndiyo maana unailisha mashine chumvi kila mara. Chumvi ile ndiyo inayorudisha sodiamu kwenye punje na kuifukuzia kalsiamu kwenye mfereji wa maji machafu. Kama maji ya kisima chako yana ugumu wa miligramu 300 kwa lita, mashine itakuwekea karibu miligramu 138 za sodiamu katika kila lita inayotoka.

Kilichotolewa huacha nafasi, na nafasi haikai tupu. Kila unapoambiwa kitu kimeondolewa kwenye maji, uliza kimeingia nini.

Hapa ndipo vijana wananitolea ile kalamu ya kupimia, inayoonyesha jumla ya chumvi zilizoyeyuka. Babu, kabla ya mashine inasoma 400, baada ya mashine inasoma 400 na kitu, maji ni yaleyale. Hapana, mjukuu wangu. Kalamu huhesabu, haitaji majina. Inapima jinsi umeme unavyopita majini, na umeme hauchagui kati ya kalsiamu na sodiamu. Maji yaliyobadilishwa moyo wake yatasoma karibu namba ileile. Nunua dawa ya matone ya kupima ugumu, hiyo haidanganyiki. Ukiwa huna, fanya kama bibi yako: tia maji yaliyotoka moja kwa moja kisimani kwenye chupa moja, ya bomba la ndani kwenye nyingine, tia sabuni kidogo ya mche, tikisa. Yanayotoa povu jingi upesi ndiyo yaliyonyang'anywa. Hayafai kwa samaki wa ziwa letu. Nakusihi, hayafai.

Usiniambie kwamba hata Tanganyika lina sodiamu. Najua lina sodiamu. Nimekulia Ujiji, maji yale nimeyaoga, nimeyanywa, na nimepikiwa migebuka kwayo. Lakini ziwa halikupewa kitu kimoja.

Litazame vizuri. Lina urefu wa kilomita 673 na kina kinachofika mita 1,470, duniani linapitwa kwa kina na Baikal peke yake. Mto unaolitoka ni mmoja tu, Lukuga, unaoelekea Kongo, na sehemu kubwa zaidi ya maji yake hutoka kwa kugeuka mvuke. Mvuke haubebi madini. Yanabaki yote, pamoja na yale yanayoletwa na Mto Ruzizi kutoka Kivu, nchi ya volkano. Ndiyo maana pH yake inakaribia 9, na magnesiamu humo ni nyingi kuliko kalsiamu, na sodiamu na potasiamu zimo pia, zote kwa pamoja na kwa kiasi kilekile mwaka hadi mwaka. Humo ndimo walimoumbika samaki wako. Ni jamii moja na sato na perege, na kuhe tunayemla Kigoma ni ndugu yao mkubwa. Zaidi ya aina 200 za jamii hiyo hazipatikani mahali pengine popote duniani.

Wapo wadogo wanaoishi na kuzaa ndani ya makombora matupu ya konokono wa ziwa lile, yule aitwaye Neothauma, yaliyotapakaa chini kwenye mchanga. Kila mmoja na kombora lake, na akikosea akaingia la jirani kunakuwa na ugomvi unaostahili baraza la wazee. Kombora ni chokaa, na chokaa ni kalsiamu. Kwenye maji yasiyo na kalsiamu kombora lenyewe huanza kulika polepole, likapoteza mng'aro, likawa kama unga kwa juu. Ukiona hivyo, nyumba ya samaki inakuambia jambo ambalo samaki hana ulimi wa kulisema.

Na kuna jambo moja linanichekesha na kuniudhi kwa wakati mmoja. Miaka ya 1970 Mbelgiji mmoja, Pierre Brichard, alikuwa akisafirisha samaki hawa kutoka Bujumbura kwenda kwa wafugaji wa ng'ambo, na aina moja ya samaki hao, Neolamprologus brichardi, imepewa jina lake. Tangu hapo, wafugaji wa Ulaya ambao maji ya bomba kwao ni laini wanakaa na mizani ndogo, wanapima madini kwa gramu na kuyatia kwenye tangi ili maji yafanane na ya Kigoma. Wewe, mtoto wa nchi yenye ziwa, madini unayo kisimani, na unamlipa mtu ayatoe.

Mashine ya pili, ile ya chini ya sinki yenye utando na pampu, ni habari nyingine. Hiyo kweli inaondoa. Utando wake unazuia zaidi ya asilimia 90 ya kila kilichoyeyuka, na kwa kila lita moja unayopata, lita kadhaa zinamwagwa. Wengi wanaichukulia kuwa ndiyo mwisho wa usafi. Na kwa kunywa sina ugomvi nayo. Lakini tangi zima ukilijaza maji hayo matupu, mjukuu wangu, naomba unisikilize kwa makini. Kifo cha samaki hakiji kwa mlango unaoutazama.

Wiki za kwanza samaki wanapendeza, nawe unapiga picha. Samaki anatoa amonia kila anapopumua na kukojoa, na chakula kilichobaki kinaongeza nyingine. Kwenye sponji la kichujio na kwenye mchanga wamekaa bakteria wema, wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, na wengine wanaigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi. Kazi hiyo nzuri ina taka zake: inazalisha tindikali. Katika maji magumu ya asili huoni chochote, kwa sababu kaboneti zilizomo zinaimeza tindikali ile kimyakimya. Katika maji matupu hakuna cha kuimeza. pH inateremka. Saba, sita na nusu, sita.

Ikifika chini ya 6, bakteria wako wanakaribia kuacha kazi. Amonia inaanza kurundikana. Lakini kwenye maji yenye tindikali karibu yote inakaa katika umbo la amoniamu, lisilomdhuru samaki sana. Kwa hiyo samaki wapo, wanakula kidogo, wamezubaa. Unasema labda ni joto.

Halafu Jumamosi moja unaamka na moyo wa huruma. Unasema leo nawabadilishia maji mengi. Umeme haupo, mashine haifanyi kazi, basi unachukua ya bombani au ya kisima yenye pH ya 8, unamimina nusu ya tangi. Amonia imebaki nusu ya iliyokuwemo asubuhi. Ila pH ikitoka 6 ikafika 8, ile sehemu yake yenye sumu inaongezeka karibu mara mia. Kabla ya adhuhuri wanahema juu ya maji, matamvua mekundu. Jioni unawatoa kwa wavu.

Na unajua utakachosema? Utasema maji ya bomba yameua samaki wangu. Utaapa kutoyatumia tena. Utanunua samaki wengine na kuwajazia maji ya mashine peke yake, na mzunguko utaanza upya. Nimewaona waliozunguka hivyo mpaka mama wa nyumba akaamua tangi litiwe udongo lipandwe maua. Simlaumu.

Samaki haulizi maji ni meupe kiasi gani. Huuliza kama ni ya jana. Anaweza kuzoea mengi, ila hawezi kuzoea leo hivi na kesho vile. Mwanangu, nakuomba, kama utakumbuka neno moja katika haya yote, likumbuke hilo.

Mambo mengine nayapitia haraka kwa kuwa unayajua au utayajua. Maji ya bomba yametiwa klorini kwa ajili ya afya yako, na kiasi kidogo ambacho wewe hata hukisikii ulimini kinaunguza matamvua. Yaweke kwenye ndoo wazi usiku kucha yakipigwa na pampu ya hewa, au tumia dawa ya kuua klorini ya wauza samaki. Maji uliyotia WaterGuard kwa ajili ya kunywa ni yaleyale, yana klorini tena ya kutosha. Chujio la mkaa linaizuia klorini vizuri likiwa jipya, lakini likichoka halipigi kengele. Sponji la kichujio usilioshe kwenye bomba, lioshe kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini, usije ukawaua wale bakteria ulioishi nao kwa miezi. Maji ya kuchemsha yamepoteza hewa na sehemu ya ugumu wake, ule uliobaki kama ukoko kwenye birika. Na hayo ya chupa kubwa za lita 20, leo ya kampuni hii na kesho ya ile, siyasemei mengi: unalipia kubahatisha.

Sasa utaniuliza, babu, nifanye nini? Swali zuri, ingawa ungeliuliza kabla ya kununua tangi ningefurahi zaidi.

Mwite fundi bomba. Mwambie akuwekee bomba moja linalochomoka kabla ya mashine ya kulainisha, hata kama ni la nje ya nyumba, karibu na mchaichai. Si kazi kubwa, na mashine nyingi tayari zina koki ya kuyapitisha maji pembeni. Tatizo ni kwamba wenye nyumba hawajawahi kuuliza ipo wapi. Hilo liwe bomba la samaki. Maji magumu ya kisima yasiyo na chumvi ya bahari, yakishapimwa, ni zawadi kwa samaki wa Tanganyika, na hayakugharimu chochote.

Nimesema yasiyo na chumvi ya bahari. Kama kisima chako kiko karibu na ufukwe na maji yake unayaonja ulimini, huo si ugumu tu, hiyo ni bahari imeingia kwenye ardhi. Hapo mashine ya kulainisha itakuongezea balaa juu ya balaa. Na hapo ndipo ile ya chini ya sinki inapopata heshima yake, kwa sababu unaweza kuchanganya. Hesabu yake ni ya darasa la nne. Maji ya kisima yenye ugumu wa digrii 24, ukiyachanganya nusu kwa nusu na maji matupu yasiyo na ugumu, utapata 12. Chumvi nayo itapungua nusu. Ukitaka 8, weka sehemu moja ya kisima na mbili za mashine. Changanya kwenye pipa, acha yakae, pima, ndipo umimine. Kamwe usichanganyie ndani ya tangi lenye samaki. Nakusihi, kamwe.

Kama huna maji mengine ila ya mashine ya utando, basi yarudishie kilichotolewa. Kuna madini yaliyotayarishwa kwa kazi hiyo, na duka la samaki lenye akili litakuwa nayo. Wapo wanaotumia vya nyumbani: chumvi ya haluli kwa ajili ya magnesiamu, na soda ya kuumulia maandazi kwa ajili ya kuitunza pH isiporomoke. Nasema soda, sisemi hamira. Mfuko mdogo wa makombora yaliyopondwa ukiuweka ndani ya kichujio, unatoa kalsiamu polepole kila maji yanapotaka kuwa na tindikali, na yakitulia nao unatulia. Makombora yaokote ufukweni yakiwa yameshaoshwa na mawimbi, ukayasuuze mpaka chumvi iishe. Matumbawe hai yaache baharini, yana wenyewe.

Lakini njia nyepesi kuliko zote, na ndiyo wasioipenda vijana, ni kuchagua samaki kwa maji badala ya kuchagua maji kwa samaki. Pima kwanza, nunua baadaye. Maji yako ni magumu? Wapo wa Tanganyika, wapo gapi wanaozaa mpaka ukawagawia majirani. Unakinga mvua kwenye bati, na maji yako ni laini? Hapo ndipo penye nafasi ya neon tetra na wenzake wa mito ya Amazon, ambao maji ya Kigoma yangewatesa kama maji yao yanavyowatesa wetu. Anayenunua rangi kabla ya kupima maji hununua msiba kwa awamu.

Na usidanganyike na neno samaki wa Afrika. Mbuna wa Ziwa Nyasa wanapenda maji ya alikali pia, lakini chumvi zilizoyeyuka katika ziwa lao hazifiki nusu ya zile za Tanganyika. Furu wa Ziwa Viktoria wamezoea maji mepesi zaidi ya hayo. Maziwa yetu makubwa yako karibu kwenye ramani, majini hayako karibu hata kidogo. Muuza samaki atakayewatia wote katika tangi moja na kukuambia hawa wote ni wa kwetu, mshukuru kwa maneno mazuri, kisha ondoka na hela yako.

Jambo jingine kwa wa Tanganyika. Kwa kuwa maji yao ni ya alikali, amonia kwao ni kali maradufu. Kwenye pH ya 9 na joto la nyuzi 25, zaidi ya theluthi moja ya amonia yote huwa sumu hasa, wakati kwenye pH ya 7 haifiki asilimia moja. Maana yake chakula kidogo, kichujio kikubwa, na subira ya wiki nne hadi sita kabla ya kujaza tangi, ili bakteria wajijenge. Najua wiki sita kwa kijana ni maisha. Kwa samaki ni maisha kweli.

Kuna kosa moja la mwisho, na ndilo linalonikosesha usingizi, kwa sababu halimalizikii sebuleni kwako. Mtu akichoka, akiona wanakufa mmojammoja, anajiambia afadhali nikawaachilie mtoni. Anawabeba kwenye ndoo, anawamwaga Msimbazi au kwenye bwawa la jirani, anarudi nyumbani na moyo mweupe. Mjukuu wangu, usithubutu. Sangara alitiwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na watu waliodhani wanatenda mema, na aina nyingi za furu ambazo hazikuwa kwingine duniani zimetoweka. Samaki wako ni wadogo, najua. Huruma ya mmwagaji hula mto mzima. Warudishe dukani, mpe jirani anayejua, nipigie simu mimi.

Na hao walio tangini sasa hivi, waliokaa kwenye maji ya mashine kwa muda huu wote? Ndio ninaowahofia zaidi leo, kwa maana nakujua, ukitoka hapa utakimbilia nyumbani kuwabadilishia yote. Usifanye hivyo. Waliozoea vibaya wamezoea, na mabadiliko ya ghafla, hata ya kwenda kwenye heri, yatawamaliza.

Leo pima tu. Pima pH, pima amonia, pima ugumu, andika kwenye karatasi na ubandike ukutani. Amonia ikiwepo na pH ikiwa chini, usipandishe pH kwanza. Punguza chakula, hata usiwalishe siku mbili, na utoe amonia kwa maji yenye pH ileile iliyomo tangini, kidogokidogo. Ikiisha, anza na maji ya bomba la nje, sehemu moja ya kumi ya tangi, yaliyokaa ndooni usiku mzima, uyamimine taratibu kwa mpira mwembamba wa kudondosha. Kaa siku mbili. Pima tena. Namba zikiwa zimetulia na samaki wanatembea, ongeza sehemu nyingine ya kumi. Wakihema kwa haraka, simama hapohapo usiendelee mpaka watulie. Itachukua wiki kadhaa. Mashine acha iendelee kukuogesha na kukufulia, sijasema uiuze.

Jumapili njoo na chupa mbili, moja ya bomba la nje na moja ya tangi, uandike juu yake ipi ni ipi. Nitakuwa nyumbani baada ya saa kumi, na matone ya kupimia ninayo.